Geti la Bati, Ndoo na Chandimu: Kelele za Alfajiri za Watoto wa Jirani

Ukihamia chumba cha kupanga Nkuhungu, Ipagala au Nzuguni, hapa Dodoma, wiki haiishi kabla hujajua watoto wa jirani wanaamka saa ngapi. Wengi hukimbilia kusema watoto wale hawana adabu, na shauri zima huharibika hapo hapo. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Akiwa amelala saa moja na nusu mchana, na usiku amelazwa saa 2, ikifika saa 11 alfajiri ameshashiba usingizi. Hakuna kugombeza kutakakomrudisha kitandani. Kinachoweza kubadilika ni anachokigonga, mahali anapochezea, na njia ambayo sauti inapita mpaka ikufikie kwenye mto wako wa kulalia.

Dodoma kelele hizi zina msimu. Julai jua huchomoza karibu saa 12 na dakika 50 asubuhi, lakini Novemba hutoka mapema, saa 12 na dakika 10 hivi. Halafu Julai kuna baridi na upepo wenye vumbi, madirisha yamefungwa, na watoto wenyewe hawana haraka ya kutoka kwenye blanketi. Oktoba joto likianza, madirisha yanabaki wazi usiku kucha, mwanga unawafikia watoto mapema, na Desemba shule zinafungwa. Anayesubiri mpaka Desemba ndipo aanze kushughulika amechelewa. Kazi ya fundi na mazungumzo na jirani vifanywe Agosti au Septemba, watu wakiwa bado wana subira.

Kabla ya kumwendea mtu yeyote, chukua daftari na uandike kwa siku 7. Kila unapoamshwa, andika saa, aina ya sauti na ilikotoka. Mstari mmoja unatosha: "11:20, geti. 11:35, ndoo bombani. 12:15, mpira ukutani." Kazi ya daftari ni kukuonyesha ukweli, usije ukalipeleka kwa jirani kama hati ya mashtaka. Mara nyingi utakuta kinachokuamsha si sauti za watoto wakiongea au kucheka. Ni kishindo cha ghafla, chuma kwa chuma au kitu kizito kwenye ukuta mnaoshirikiana, na vishindo hivyo kwa kawaida havizidi vitatu au vinne vinavyojirudia. Kama kwenye orodha kuna kilio cha mtoto mchanga, kifute kabisa. Hicho hakina mjadala, na ukikitaja utaonekana mtu wa ajabu mtaa mzima.

Geti ndilo mkosaji mkubwa. Geti la chuma lililofunikwa bati ni ngoma: mtoto akilisukuma, kishindo husikika nyumba ya tatu. Tafuta ndala chakavu za mpira. Kata vipande vya sentimita 3 kwa 5 hivi, visivyozidi unene wa sentimita 1. Fungua geti, kisha lisogeze polepole uone linagusa fremu wapi. Kwa kawaida ni sehemu tatu: juu, katikati karibu na komeo, na chini. Kwangua kutu na rangi iliyolegea, futa vumbi kwa kitambaa chenye petroli kidogo au spiriti, na uache pakauke. Paka gundi ya mafundi viatu pande zote mbili, kwenye mpira na kwenye chuma, subiri kama dakika 10 mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Wengi hubandika gundi ikiwa mbichi, na baada ya siku mbili vipande vinaokotwa chini. Kosa la pili ni kuweka mpira mnene mno. Komeo halifiki tena kwenye tundu lake, watoto wanaanza kulibamiza geti ili lifunge, na umejitengenezea kelele mpya. Komeo lenyewe, kama ni la kuteleza, livalishe kipande cha mpira wa maji mahali linapogonga. Bawaba zipakwe grisi. Vumbi la Dodoma hulikausha grisi upesi, kwa hiyo rudia kila miezi miwili au mitatu.

Kazi yote hiyo haimalizi saa moja, na gharama yake ni kopo dogo la gundi. Jitolee kuifanya wewe, hata kama geti ni la jirani. Si haki sana, tunakubali, lakini ni rahisi kuliko kubishana.

Ndoo zinafuata. Penye mgao wa maji, watoto hutumwa kujaza kabla ya kwenda shule. Ndoo tupu ya lita 20 ikikinga maji kutoka bomba lililo juu kwa nusu mita huunguruma mpaka maji yafunike kitako. Ungia bombani mpira wa nusu inchi unaofika chini kabisa ya ndoo, na mngurumo unakwisha. Ndoo zilizopandanishwa hulia zinapochomolewa, basi tia kitambaa kati ya moja na nyingine. Bora zaidi, kama maji yanatoka jioni, mkubaliane uani kwamba ndoo zote zijazwe kabla ya saa 3 usiku. Asubuhi ni kuchota tu kwa kopo la plastiki, siyo la bati.

Mpira ni suala la ukuta gani. Usiombe watoto wasicheze, omba goli lihamishwe. Wakipiga chandimu kuelekea ukuta wa chumba chako, kila shuti linafika kitandani. Goli likigeuzwa liangalie uwanja au ukuta wa choo, kelele inayobaki ni ya midomo tu. Mpira wa nailoni na matambara una kishindo kidogo kuliko wa dukani uliojazwa upepo, na watoto wengi wanaujua kuutengeneza kukushinda.

Sasa tuje chumbani kwako, ambako ndiko watu hupoteza fedha nyingi bila faida. Trei za mayai ukutani hazizuii sauti ya jirani. Hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba chenyewe, basi, na baada ya miezi michache ni nyumba ya mende. Pazia zito nalo husaidia kidogo sana. Sauti huzuiwa na uzito na kwa kuziba matundu, na nyumba nyingi za vyumba vya kupanga zina tundu moja kubwa ambalo halionekani: ukuta wa kati umeishia usawa wa dari. Juu ya dari, kuanzia chumba chako mpaka cha jirani, ni uwazi mtupu chini ya mabati. Sauti inapenya silingibodi yake, inavuka kwenye kenchi, inashuka kwako. Ndiyo maana unamsikia mtoto akiuliza habari ya chai wakati ukuta ni wa tofali na umepigwa plasta.

Kulijua hilo ni rahisi. Usiku jirani akiwa amewasha taa, zima ya kwako, fungua mfuniko wa dari na uchungulie. Ukiona mwanga upande wa pili, au ukisikia maneno wazi zaidi kuliko ukiwa chini, ukuta haujafika juu.

Dawa yake ni kuupandisha, kwa ruhusa ya mwenye nyumba na fundi anayejua kazi. Kwa chumba chenye upana wa mita 3.5, na uwazi wenye wastani wa mita 1 kwenda juu, eneo ni mita za mraba 3.5. Tofali za inchi 6 huingia kama 10 kwa mita ya mraba ukihesabu na zitakazovunjika, kwa hiyo nunua 35. Saruji mifuko miwili inatosha kujengea na kupiga plasta pande zote mbili. Usiruhusu tofali la mwisho libane bati. Bati hutanuka jua linapopiga na kusinyaa usiku, na likiwa limebanwa litapasua plasta ndani ya msimu mmoja. Acha nafasi ya sentimita 2, uijaze kwa sponji ya godoro iliyobanwa vizuri. Nyaya za umeme zinazokatiza hapo zipitishwe kwenye bomba la plastiki kwanza, zisifukiwe kwenye udongo wa saruji. Na kama ukuta wa kati umesimama juu ya sakafu tu bila msingi, usiuongezee tofali. Tumia mbao nyepesi na silingibodi pande zote mbili.

Mwenye nyumba akikataa, mambo madogo bado yapo. Kabati lililojaa nguo lisukumwe kwenye ukuta wa jirani, kitanda kihamie ukuta mwingine. Mwanya wa chini ya mlango uzibwe kwa mpira wa mlango au nguo iliyosokotwa, maana mwanya wa sentimita moja tu unapitisha sauti nyingi kuliko unavyodhani. Dirisha la aluminiamu la kuteleza likiwa limechakaa brashi za pembeni, fundi anazibadilisha bila kung'oa dirisha.

Feni nayo inasaidia kwa mvumo wake usiobadilika, ambao hufunika sauti ndogo ndogo. Iwashe unapolala, siyo unapoamshwa. Msimu wa baridi igeuze iangalie ukuta. Vizibo laini vya masikio vya sponji, vinavyopatikana kwenye baadhi ya maduka ya dawa na ya vifaa vya usalama kazini, hufanya kazi kuliko pamba, lakini wengi huvivaa vibaya. Kiviringishe mpaka kiwe chembamba kama njiti nene, pitisha mkono juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma kidogo, ingiza, shikilia kwa kidole sekunde 30 kikiwa kinatanuka. Kikibaki kimechomoza nusu nzima, hakijakaa. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa ndani avae sikio moja tu.

Kuhusu kuongea na jirani: usiende asubuhi ile ile ukiwa na hasira na taulo kiunoni. Nenda jioni, kabla hajaanza kupika au baada ya kula. Piga hodi, subiri ukaribishwe, kaa. Salamu zikamilike, za nyumbani, za kazi, za watoto wenyewe. Kwa mzee wa Kigogo, salamu yako ya "mbukwenyi" hata kama imepinda itakaribishwa vizuri kuliko Kiswahili chako cha ofisini. Mwanamume asiende peke yake kwa mama wa jirani ambaye mumewe hayupo. Aende na mkewe, au amsubiri baba watoto.

Kisha omba jambo moja, lenye saa na mahali. "Mama Neema, naomba tushauriane. Mimi narudi zamu usiku wa manane. Watoto wakichezea mpira upande wa ukuta wangu kabla ya saa moja, nashindwa kulala. Tungeweza kuwaambia goli liwe upande wa pili?" Linganisha na "watoto wako wana kelele sana." Kauli ya pili haina cha kutekelezwa. Mama anasikia kwamba ameshindwa kulea, naye atajibu kwa hilo. Neno "tushauriane" lina kazi yake pale, linampa nafasi naye aseme linalomkera kwako, labda pikipiki yako ya saa 5 usiku. Likisemwa, pokea.

Subiri wiki mbili. Watoto husahau, kwa hiyo siku ya nne mpira ukirudi ukutani usichukulie kuwa ni dharau. Mkumbushe mama kwa upole. Watoto wa jirani usiwakaripie wewe mwenyewe, na kumgusa mtoto wa mwenzio kwa kiboko kutakupeleka polisi, haijalishi ulikesha mara ngapi. Kulipiza kwa redio kubwa usiku kunakugeuza wewe kuwa mkosaji, tena mbele ya mashahidi.

Ikishindikana, ngazi ni mwenye nyumba kwanza, kisha mjumbe wa shina, kisha mwenyekiti wa mtaa. Kuanza na mwenyekiti ni kosa tunaloliona mara nyingi: jirani anaitwa ofisini, anaaibika, na hata akitii hamtasalimiana tena. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, lakini usimtishie nazo mama wa watoto watatu. Ziweke kwa ajili ya baa na mashine ya kusaga.

Limebaki basi la shule, ambalo huja saa 11 au saa 12 kasoro na kupiga honi mbele ya geti mpaka mtoto apatikane. Hapa si mtoto wala mzazi anayeamsha mtaa. Mwombe mzazi apatane na dereva asimame kimya na kumbipu akiwa nyumba tatu nyuma, mtoto awe ameshavaa viatu na kusimama ndani ya geti. Dereva akisahau, ongea na dada anayewapandisha watoto kwenye basi, maana simu ya wazazi wote anayo yeye.