Wadogo zangu wa vitengo vya habari, ulizeni kabla ya kupongeza

Msimu wa mahafali ukikaribia, kurasa za vyuo hujaa pongezi, na makosa ni yale yale ya mwaka jana: aliyefika fainali ameitwa mshindi, mhitimu ameitwa mhadhiri, fedha za taasisi sita zimeandikwa za chuo kimoja. Wanaoandika si wavivu. Wamekesha na picha, wamefurahia mafanikio ya wenzao kwa moyo mweupe. Wanachokosa ni maswali machache ambayo hakuna anayewafundisha siku ya kuripoti kazini. Nawaandikia ninyi mnaoanza kwenye vitengo vya mawasiliano na uhusiano, pamoja na mlio kwenye mafunzo kwa vitendo, mnaokabidhiwa simu ya ofisi na kuambiwa "rusha hiyo fasta".

1. Uliza jambo limefika hatua gani. Makala ya kitaaluma huwasilishwa, hupitiwa, hukubaliwa, kisha huchapishwa; kukubaliwa siyo kuchapishwa, kwa hiyo subirini DOI, namba ya kudumu ya makala mtandaoni, muibofye wenyewe mwone inafunguka. Aliyetetea tasnifu jana na kupewa marekebisho bado si Dkt., maana Seneti, baraza la chuo linaloidhinisha shahada, haijakaa.

Vifaa navyo vina hatua zake. Mwaka 2018 Brian Gitta wa Uganda alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kifaa chenyewe, Matibabu, kilibanwa kidoleni na kutafuta dalili za malaria kwa mwanga mwekundu, bila kutoboa ngozi. Wakati wa tuzo kilikuwa bado kwenye majaribio. Tuzo ilikuwa halali kabisa, ila ukiandika kwamba malaria sasa inapimwa bila damu, kesho yake mapokezi watapigiwa simu na wazazi wenye watoto wenye homa wakiuliza kinauzwa wapi. Sentensi moja, "kifaa kiko kwenye majaribio", ingewaokoa wote.

2. Fedha. Ukiambiwa "tumepata mradi wa euro milioni mbili", uliza ni za taasisi ngapi, kwa miaka mingapi, na mgawo wa chuo ni kiasi gani. Omba ukurasa wa bajeti unaoonyesha mgawo wa kila mshirika. Usinakili tarakimu za kwenye hundi ya mfano. Na tenganisha fedha za kazi na fedha za mtu: Julie Makani wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, alipopata tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011, ilikuja na fedha za utafiti wa selimundu. Habari ya namna hiyo ikiandikwa "ajishindia mamilioni", ndugu wa mtafiti wataanza kupanga foleni ya karo, na wasaidizi wake wa maabara watajiuliza mbona kemikali bado zinasubiriwa.

3. Ubunifu wa mwanafunzi: ulizia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) kabla ya kutoa kamera mfukoni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili halina "samahani, tumerekebisha".

Inavyokuwa ni hivi. Mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa nne ametengeneza mashine ya kumenya mihogo. Afisa habari anafika karakana, anafurahi, anamwomba afungue kifuniko. Anapiga picha ya pipa la ndani, visu vilivyopangwa, pembe ya kila kisu, springi inayofanya kisu kifuate unene wa muhogo. Anapiga na mchoro uliobandikwa ukutani, kwa sababu unapendeza. Jioni vyote viko hewani, na maelezo ya mwanafunzi mwenyewe juu ya siri ya ile springi. Watu elfu moja wamependa. Baada ya wiki kadhaa msimamizi wake anakwenda ofisi ya miliki ubunifu kuanza maombi ya hataza, na swali mojawapo la mwanzo analoulizwa ni kama uvumbuzi umeshawekwa hadharani. Umeshawekwa, na aliyeuweka ni chuo chenyewe.

Hataza inadai mambo matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi isiyo dhahiri kwa mtaalamu wa fani hiyo, na uweze kutumika viwandani. Upya ndio unaouawa na chapisho lenu. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 tangu alipotangaza mwenyewe. Sheria ya Kenya nayo ina nafasi ya miezi 12. Ulaya haina huruma hiyo: ukishajitangazia, mlango umefungwa, isipokuwa kwa mambo finyu kama mtu kukuibia siri au maonyesho ya kimataifa yanayotambuliwa rasmi chini ya mkataba mahususi. Nanenane na Sabasaba hazimo humo. Na kufuta chapisho hakusaidii, kwani lililoonwa na umma limeonwa, na nakala zimeshasambaa.

Kwa hiyo maswali ni haya, na yaulizwe kwa msimamizi, siyo kwa mwanafunzi peke yake: Je, maombi yamewasilishwa? Wapi: BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, BPRA, wakala mwenzake wa Zanzibar, au ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika, kule Harare? Namba ya maombi na tarehe ya kuwasilisha ni zipi? Ukipewa tarehe, mnaweza kuongea kwa uhuru zaidi, maana tarehe hiyo humlinda mvumbuzi kwa miezi 12 anapotaka kuomba nchi nyingine. Hata hivyo mpitishie mtu wa miliki ubunifu rasimu yako, kwa sababu huenda kuna maboresho yaliyofanywa baadaye ambayo hayamo kwenye maombi.

Kama bado, habari haifi. Andika mashine inafanya nini, usiandike inafanyaje. Kilo ngapi kwa saa, inatumia umeme au dizeli, imejaribiwa na kikundi gani cha wasindikaji. Picha ipigwe nje, kifuniko kimefungwa, mwanafunzi kasimama kando na muhogo mkononi. Mchoro ukutani uondolewe kabla hujapiga, usitegemee kuufifisha baadaye. Mkumbushe pia msimamizi kwamba tasnifu ikiwekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya maktaba nayo ni kutangaza. Maktaba nyingi huweza kuifungia kwa muda zikiombwa mapema. Na ikifika siku ya kuandika, "ameomba hataza" na "amepewa hataza" ni habari mbili, na kati yake kuna miaka.

Vijana, hili nalisisitiza kwa sababu anayeumia ni mtoto wa mtu ambaye pengine ile mashine ndiyo mtaji wake pekee. Kwenye karakana hakuna wa kumlinda isipokuwa wewe uliyeshika kamera.

4. Mafanikio ni ya nani hasa? Septemba 2020 Magawa, panya buku, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la tiba ya wanyama la Uingereza, kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Alifunzwa Morogoro na APOPO, shirika lenye makao yake kwenye kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. SUA ina kila sababu ya kujivunia, na sentensi sahihi inalitaja shirika, inataja chuo mwenyeji, inamtaja panya. Mwaka huohuo Catherine Nakalembe alipata Tuzo ya Chakula ya Afrika pamoja na André Bationo wa Burkina Faso. Alisoma shahada ya kwanza Makerere, lakini wakati huo alikuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Maryland. Kwa Makerere huyo ni mhitimu, na neno hilo linatosha kabisa.

5. Vyeo na madaraja. Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa: chukua cheo kutoka utumishi, siyo kutoka kwenye kadi ya mwaliko. Kwa vipimo vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, daraja la kwanza linaanzia wastani wa alama (GPA) wa 4.4, na udaktari wa binadamu haupangwi madaraja, kwa hiyo usimpe mhitimu wa MD "first class". GPA na namba ya usajili ni taarifa binafsi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, hilo si suala la adabu tu. Pata ridhaa kwa maandishi.

6. Picha: majina yaandikwe palepale, kutoka kushoto, kabla watu hawajatawanyika kwenda kula.

7. Eleza kazi yenyewe. Hapa ndipo habari nyingi za vyuo hukauka: aya nne za mgeni rasmi, mstari mmoja wa utafiti. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa ile Tuzo ya Afrika niliyoitaja juu, mwaka 2015, akapata pauni 25,000. Ukiishia hapo msomaji hajui chochote. Mwambie kwamba maji ya maeneo mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita inayoshauriwa na WHO, ndiyo maana wapo watu wengi wenye meno ya kahawia tangu utotoni. Kwamba mchanga wa kawaida hauishiki floraidi kwa sababu imeyeyuka. Na kwamba chujio lake liliunganisha mchanga na vitu vya nano, yaani vidogo mno, vinavyochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Maelezo hayo ni aya moja. Iandike wewe, kisha msomee mtafiti aya hiyo tu kwa simu, asubuhi kabla hajaingia darasani. Ukimtumia habari nzima atairudisha baada ya wiki mbili ikiwa na majina ya kamati yote.