Kocha mpya wa gofu Mtwara, anza na kadi

Mgeni akija kuona mazoezi yetu hapa Mtwara, kwanza hutazama huku na huku akitafuta uwanja. Tuna kipande cha kiwanja cha shule, mchanga mwingi kuliko nyasi, minazi upande wa baharini, na mashimo matatu niliyoyachimba mwenyewe na kuyadumbukizia makopo ya maziwa ya unga. Shimo halali la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Kopo letu ni jembamba kidogo, nami sina mpango wa kulibadilisha: mtoto aliyezoea kopo akifika Dar analiona shimo halisi kama sufuria.

Nakuandikia wewe uliyepewa vijana kumi na fimbo nne za kuazima, na tayari umeanza kuwaahidi wazazi wao ufadhili wa gofu kwenye vyuo vya Marekani. Punguza ahadi kwanza.

Eneo dogo lisikuvunje moyo. Sehemu kubwa ya mikwaju ya gofu hupigwa karibu na shimo, na kwa hilo hatua arobaini za mchanga zinatosha. Upepo nao tunao wa bure. Kusi likishika, mwambie mtoto apige kwa nguvu zake zote, halafu mkae mtazame. Mpira una uzito usiozidi gramu 46. Unavyopigwa kwa nguvu ndivyo unavyozunguka, unapaa kama tiara na kurudi karibu na miguu yake. Kisha mpe fimbo ndefu zaidi, apige taratibu, mpira uende chini chini. Somo hilo sijawahi kulirudia mara mbili kwa mtoto yeyote.

Kosa langu lilikuwa kwenye kuhesabu.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nawaandikia matokeo mimi. Mpira ukipotelea kwenye mikorosho, nasema haya, weka mwingine, bila adhabu. Kijana wangu bora, wa miaka 15, akawa anatamba kwamba raundi ya mashimo 18 anaimaliza kwa mikwaju 80, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye bora. Tukapanda basi, zaidi ya kilomita 500 hadi Dar, kwenye mashindano ya vijana. Siku ya kwanza alipiga 104. Hilo lingevumilika. Siku ya pili alicheza vizuri, akapeleka kadi yake ya matokeo mezani, akaja kunywa chai nami. Kikombe kikiwa mkononi akanyamaza, midomo inahesabu. "Mwalimu, shimo la saba nilipiga sita. Kadi inasema tano."

Kwenye gofu mwenzako ndiye anayekuandikia, wewe unahakiki na kutia saini. Ukisaini namba ndogo kuliko uliyopiga kwenye shimo, unaondolewa. Ukisaini kubwa, inabaki hiyo hiyo, hasara yako. Alirudi mezani peke yake akasema ukweli, jina lake likafutwa. Njiani kurudi, tulipofika Somanga kula samaki, hakugusa sahani. Mimi pia chakula hakikupita, kwa sababu kuhesabu na kuhakiki nilikuwa sijamfundisha.

Tangu hapo mtoto wa kwetu anapewa kalamu kabla ya fimbo. Wanaandikiana wawili wawili, wanasomeana shimo kwa shimo kwa sauti, kisha saini. Hata kwa mashimo matatu ya makopo.

Kadi hiyo ndiyo itakayombeba. Makocha wa vyuo hawatavutiwa sana na video ya mkwaju mzuri, maana kila mtoto anao mmoja. Kwenye mashindano mengi ya vyuo vya Marekani timu huchezesha watu watano, na kila raundi matokeo bora ya wanne ndiyo yanayojumlishwa. Kwa hiyo kocha anamtaka mtu asiyelipuka: 76, 77, 75, siyo 71 leo na 89 kesho. Atauliza alicheza wapi, uwanja wa urefu gani, mashindano gani. Namba za kiwanja cha shule hazina maana kwake.

Ndiyo maana safari ya Dar lazima ipigiwe hesabu. Tangu mfumo mmoja wa dunia wa hendikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, uanze mwaka 2020, ili kupewa namba hiyo mchezaji anahitaji kadi za jumla ya mashimo 54 kwenye uwanja uliopimwa rasmi. Mashimo hayo ni raundi tatu za 18. Anayeanza anaweza kupewa hendikapu ya hadi 54. Andika barua mapema kwenye klabu, Lugalo au Gymkhana, omba siku za katikati ya wiki, na mtoto awe mwanachama kwa utaratibu wao. Siku tatu, kadi tatu, mnarudi na kitu mkononi.

Usipange safari hiyo Agosti. Hela ya wazazi wengi huku inakuja baada ya minada ya korosho, ambayo huanza Oktoba, na malipo yanapitia vyama vya msingi. Kabla ya hapo utakopesha nauli mpaka uchoke. Angalia pia kipindi cha jando na unyago wakati wa likizo. Usigombane na bibi wa mtu kwa ajili ya mazoezi, utashindwa.

Wasichana usiwaache nyuma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inakataza ubaguzi wa jinsia kwenye vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, na ndiyo iliyofungua timu nyingi za wanawake. Msichana anayepiga karibu na 80 kwa uthabiti ana milango ambayo mvulana wa kiwango hicho ataigonga bila kufunguliwa.

Sasa shule. Kwa ngazi ya kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mwanafunzi anatakiwa awe na masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao. Matokeo ya sekondari yote yanatazamwa, hivyo kijana anayeanza kusoma kidato cha nne amechelewa. Tangu 2023 NCAA haidai tena SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ila baadhi ya vyuo bado vinautaka, na Kiingereza lazima akithibitishe. Ngazi ya tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Msaada wake unategemea masomo na hali ya familia. Mama mmoja wa Naliendele aliniuliza, "Mwalimu, mchezo huu utamlisha mwanangu?" Nikamwomba ripoti ya shule. Hesabu F. Nikamwambia mama, jioni tatu za wiki hii mwanao haji kwangu, anaenda kwa mwalimu wa hesabu. Alicheka, lakini alimpeleka.

Barua pepe kwa kocha wa chuo aandike mtoto mwenyewe. Na akitokea mtu anataka hela ili "amtafutie nafasi", funga mlango. Mmoja alishanilia laki tatu. Kocha wa chuo hamtozi mtoto ili amsajili.

Ya kulipwa ni mapema mno kwako kuyazungumza, isipokuwa moja. Kwa kanuni za ridhaa za 2022, zawadi ya fedha mwisho ni dola 1,000, tena kwenye mashindano yasiyotumia hendikapu. Vyuo vina masharti yao juu ya hapo. Mtoto akishinda bahasha, asiipokee kabla hujaisoma kanuni. Kubeba fimbo za wengine kwa malipo ni halali, na hapo atajifunza mengi kuliko kwangu.

Yule kijana wa shimo la saba sasa ndiye anayewakagulia wadogo kadi. Juzi alimrudisha binti wa miaka tisa mpaka kopo la pili wakahesabu upya nyayo kwenye mchanga. Walikuta mikwaju minne, siyo mitatu. Binti akafuta, akaandika, akasaini jina lake lote kwa herufi kubwa.