Wasomaji wanauliza: kwa nini waligongesha meli yao wenyewe kwenye lango la St Nazaire?

Msomaji, Mwanza: Shikamoo mzee. Toleo lililopita uligusia juujuu kwamba mwaka 1942 Waingereza waliigongesha manowari yao kwenye bandari ya Ufaransa makusudi kabisa. Mimi ni fundi wa kuchomelea meli, najua meli inavyokula hela, sasa unaigongesha mlangoni ili iweje? Si wangetuma ndege tu wakapiga bomu?

Marahaba mwanangu. Iko hivi, St Nazaire ipo pale mto Loire unapomwaga maji Atlantiki, na wakati huo pwani yote ile ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Pana chelezo kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya meli ya abiria Normandie, urefu kama mita 350 na upana mita 50, wala sio cha kuvutia meli juu kama hicho chenu cha Mwanza South, hiki ni shimo la zege, meli inaingia ikielea, lango linafungwa, pampu zinanyonya maji mpaka meli inakaa pakavu. Pwani nzima ya Atlantiki waliyoishika Wajerumani, ni hicho tu kilichoweza kuipokea Tirpitz, manowari yao kubwa kuliko zote iliyokuwa imejificha Norway. Na Waingereza walikuwa wameshaona mfano, kwamba Mei 1941 Bismarck ilipopigwa ilikuwa inakimbilia hukohuko Ufaransa ikatengenezwe, wakaiwahi njiani. Kwa hiyo ukiua chelezo, Tirpitz ikitoka kuwinda meli za mizigo ikapata tundu, hakuna pa kwenda ila kurudi kwao huku inasakwa.

Ndege za 1942 zilikuwa zinapiga kwa kubahatisha, halafu lango lenyewe ni sanduku la chuma lenye unene wa karibu mita 10, na kandokando kuna nyumba za Wafaransa. Ndio wakachukua HMS Campbeltown, kuukuu ya 1919 waliyopewa na Marekani mwaka 1940. Dohani zilikuwa nne, wakang'oa mbili, zilizobaki wakazikata mshazari ili ifanane na meli ya Kijerumani. Wakapunguza kila kizito ili ipite juu ya mafungu ya mchanga wakati wa bamvua, yaani maji yakijaa kupita kawaida, maana njia yenyewe ya meli ilikuwa inalindwa na mizinga. Mbele, nyuma kidogo ya omo, wakapanga mabomu 24 ya kuulia nyambizi, zaidi ya tani 4, wakayafunika kwa chuma na zege, na fyuzi za dawa inayokula taratibu kwa masaa. Wewe fundi utaelewa, hilo zege ndilo lililofanya Wajerumani waliopanda melini asubuhi wasione kitu.

Msomaji, Tanga: Waliingiaje bila kuonekana?

Walionekana bwana! Waliondoka Falmouth, Uingereza, mchana wa Machi 26, watu 611, mabaharia na makomando, Campbeltown na viboti vidogo 18. Ndege zilitumwa ziwazubaishe Wajerumani, lakini mawingu yalikuwa chini na marubani walikuwa wamekatazwa kupiga wasichokiona, kwa sababu ya raia, basi zikawa zinazunguka tu juu na kudondosha bomu mojamoja, Wajerumani wakashtuka kwamba leo kuna jambo. Taa kali zikawamulika mtoni. Wao wakajibu kwa ishara za taa za Kijerumani, bendera ya Kijerumani juu, na huo ujanja ukawapa dakika kadhaa za bure. Sheria ya vita vya baharini inaruhusu kupeperusha bendera ya adui ili mradi uishushe kabla ya kufyatua, nao wakaishusha wakapandisha ya kwao, ndipo moto ukawaka pande zote. Saa 7 na dakika 34 usiku, Machi 28, meli ikaingia langoni. Walipanga saa 7 na nusu.

Msomaji, Nairobi: Ni kweli bomu lilichelewa?

Kweli, masaa kadhaa. Makomando walishuka wakalipua nyumba ya pampu na mitambo ya kuvuta malango, lakini meli yenyewe ilikuwa kimya, asubuhi maofisa na askari wakapanda kuitazama. Inasimuliwa kwamba nahodha wake, Stephen Beattie, alikuwa anahojiwa na ofisa anayemwambia lango hilo litatengenezwa upesi tu, mara madirisha yakatikisika. Lango likaenda, bahari ikajaa ndani ya chelezo, waliokufa walikuwa mamia.

Msomaji, Morogoro: Makomando walirudije?

Wengi hawakurudi, na hapa mimi nawalaumu waliopanga. Viboti vya kuwarudisha vilikuwa vya mbao, na matangi ya ziada ya petroli juu ya deki, unategemea nini? Vingi viliungua mtoni. 169 walikufa, 215 walitekwa, watano walipita kwa miguu na kwa kusaidiwa na Wafaransa mpaka Hispania. Kuna sajenti Thomas Durrant, kiboti chake kilibanwa na meli ya kivita Jaguar, akabaki kwenye bunduki yake huku majeraha yanaongezeka, anaambiwa ajisalimishe anajibu kwa risasi, mpaka akaanguka. Nahodha Mjerumani mwenyewe ndiye aliyemfuata Luteni Kanali Newman, mkuu wa makomando, kwenye kambi ya mateka kumsifia, na Durrant akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa.

Msomaji, Kigoma: Faida ilipatikana?

Kwa chelezo, ndio. Hakikutumika tena mpaka baada ya vita, na Tirpitz haikutia mguu Atlantiki, ilizamishwa Norway Novemba 1944. Nyambizi za Kijerumani pale St Nazaire ziliendelea na kazi kama kawaida. Na jingine halisemwi sana, siku mbili baadaye torpido za Waingereza zilizotegwa zichelewe zililipuka kwenye lango jingine, askari wa Kijerumani wakachanganyikiwa wakafyatulia wafanyakazi na raia, Wafaransa wasio na habari yoyote wakafa.

Yule wa Utete aliyeuliza manowari ya Kijerumani Königsberg ilifichwaje delta ya Rufiji, barua nimeipata, toleo lijalo nakujibu.