Barua kwa mwanangu: nyumba umeuza, sasa tuisafishe

Mwanangu,

Nimesoma meseji yako. Unaniuliza, kama hiyo nyumba ya Buruburu ishauzwa na mnunuzi mwenyewe amesema atang'oa kabati za jikoni na kupaka rangi upya, kuna haja gani ujichoshe, si ufagie tu umpe funguo? Hapana mwanangu, usifagie tu. Huyo mtu hatang'oa kitu siku ya kwanza. Siku ya kwanza atafika jioni na vitu kwa pikapu, watoto wamechoka, mmoja anataka choo saa hiyo hiyo, mama yao anatafuta maji ya chai na pahali pa kutandika godoro. Fundi atakuja wiki ingine huko, ama mwezi ujao. Kwa hivyo wewe safisha ukifikiria huo usiku wao wa kwanza, hapo utajua mwenyewe cha lazima na cha kuachana nacho. Rangi achana nayo kabisa.

Kwanza toa vitu. Agrimenti inasema unakabidhi nyumba ikiwa tupu, na hiyo stoo ya chini ya ngazi pia ni nyumba, tena anza nayo sababu ndio itakumalizia siku. Nguo na viatu vya zamani wape wale wa malimali wanaopita na mabeseni, vyuma kuna vijana wa mkokoteni wananunua kwa kilo, lakini ile TV ya mgongo na kompyuta iliyokufa usiweke kwa taka ziishie jalala la Dandora, pale WEEE Centre wanapokea vitu vya stima vilivyoharibika. Makaratasi yenye namba ya kitambulisho, KRA PIN ama akaunti ya benki chana vipande vidogo vidogo, usiyaache kwa droo mtu ayasome. Na kilichofungwa ukutani kikae: shawa ya stima, grili, tangi, hata fimbo za pazia, isipokuwa kama mliandika unatoa. Nimeona watu wazima wakikosana vibaya sana juu ya shawa ya elfu chache.

Usianze kupiga mopu kabla vitu havijatoka, utasafisha mara mbili.

Sasa maji. Angalia mgao wenu ni siku gani, siku hiyo ndio ya kuosha tangi la juu, na hili nakuomba sana usiliruke, watu wengi wanaliruka. Bomba la kutolea maji halikai chini kabisa ya tangi, liko juu kidogo, kwa hivyo tope la miaka yote limelala hapo chini na wewe kwa mfereji unaona maji safi tu. Mwite kijana anayejua kazi, atoe maji yote, asugue na brashi, atoe lile tope lote, asuuze, halafu jiki kidogo kwa maji mengi, ikae, asuuze tena vizuri ndipo mjaze. Asiingie kichwa ndani na jiki imo, ile harufu ikifungiwa humo inamaliza mtu pumzi. Kifuniko kikiwa kimepasuka nunua kingine. Watoto wa watu watakunywa hayo maji.

Jikoni songesha jiko la gesi utoe kabisa pale lilipo. Hapo nyuma utapata mafuta yamegandana na vumbi yakawa kama lami, ukutani hadi chini kwa taili, na hayo hayatoki na kitambaa cha baridi. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, acha iloweke dakika kadhaa, kisha kwangua na kipande cha plastiki, usitumie kisu, kitachora taili. Mende usingoje wiki ya mwisho. Weka dawa ile ya jeli kwa bawaba za kabati na chini ya sinki mapema, halafu rudia baada ya wiki mbili hivi, sababu ile ya kwanza inaua wakubwa lakini mayai yanabaki yanaanguliwa nyuma yako.

Choo na bafu, hapa nisikilize vizuri. Usichanganye jiki na ile asidi ya choo, wala na siki. Zikikutana zinatoa hewa ya klorini, na bafu lenu lina kadirisha kadogo, utaanguka humo ndani. Tumia moja, mwaga maji mengi, ufungue mlango. Ule weupe wa chumvi kwa kichwa cha shawa siki inautoa. Lakini siki hiyo isiguse sakafu ya chini, ile ni terazo, ina vipande vya mawe na simenti na asidi inaila inabaki na mabaka, hapo ni sabuni ya kawaida tu. Vioo vya madirisha unajua, gazeti la zamani.

Mambo ya bili fanya haraka. Maji lipa hadi siku ya mwisho uweke risiti. Mita ya stima piga picha namba yake, muwekee tokeni kidogo wasilale gizani, na hakikisha haina deni, sababu akinunua tokeni deni lako litakatwa kwa pesa yake. Ukimaliza piga picha kila chumba kikiwa tupu. Na hata mkiwa mmezoeana namna gani, hapa kwetu kwa kawaida mnunuzi analipa asilimia 10 ya bei kwanza na salio kwa siku 90, funguo zisitoke mkononi mwako mpaka wakili wako akwambie hilo salio limeingia. Ukizitoa toa zote, hata ile ya geti ndogo uliyompa jirani.

Mimi nitakuja Ijumaa jioni nilale huko, Jumamosi tuanze mapema na yule mama fua wako, mlipe vizuri na chai anywe. Ndoo, mopu na ile ngazi ndefu usizipeleke na mzigo wa kwanza, ziache hapo mlangoni.

Mama yako