Damu Ikikoma, Tazama Vidole

Huku kwetu Newala, hela ya korosho ikishaingia haichukui muda utasikia nyundo kila mtaa. Watu wanaezeka. Na ukingo wa bati jipya ni wembe. Mimi lilinipitia kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo, na damu ikawa inaruka kwa mapigo, nyekundu ya kung'aa. Ukiona damu ya namna hiyo ujue ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni.

Wote waliokuwepo walitazama damu. Ilipopungua wakashusha pumzi, mama mkwe akasema Mungu mkubwa, na mmoja akashauri nipumzike kivulini. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza mkono. Ateri iliyokatika kabisa hujivuta ndani na kujibana, ikajiziba kwa muda. Iliyochanika nusu haiwezi kujivuta, kwa hiyo inaendelea kuvuja. Kwa hiyo damu kukoma si dalili kwamba jeraha ni dogo.

Huduma ya kwanza ni kukandamiza. Kitambaa safi, mtu mwenye nguvu, mkono uinuliwe juu ya kifua, na msifunuefunue kuchungulia, maana kila mkifunua mnabandua damu iliyokwisha kuganda. Kitambaa kikilowa, ongezeni kingine juu yake. Shemeji yangu alinikandamiza kwa kipande cha kanga kutoka nyumbani hadi zahanati, tumepanda mshikaki kwenye bodaboda, na hakuachia hata tulipoyumba kwenye mchanga. Majivu, kahawa, mafuta ya taa, hapana. Haviwezi kuziba ateri, na vinaingiza uchafu kwenye kidonda.

Mpira wa baiskeli wa kufunga mkono juu ya jeraha una nafasi yake, lakini pale tu kukandamiza kunaposhindwa. Ukifungwa kilegevu unazuia damu inayorudi moyoni huku inayotoka moyoni ikiendelea kuingia, na jeraha linazidi kumwaga. Ukifungwa, ukazwe hasa, na saa uliyofungwa iandikwe mahali daktari ataiona, hata kwenye paji la uso la mgonjwa.

Sasa vidole. Linganisha na mkono mzima. Je, vimepauka? Kwa ngozi yetu tazama kucha na kiganja. Ni vya baridi? Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, achia: wekundu urudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kisha gusa kila kidole pande zote mbili umuulize mgonjwa kama anahisi, na mwambie avikunje kimoja kimoja. Mshipa wa fahamu na kano hupita jirani kabisa na ateri, na bati halichagui. Kidole changu kidogo kilikuwa na ganzi. Mganga wa zahanati alilibaini hilo na kuliandika kwenye barua ya rufaa, na nina hakika maneno yale machache ndiyo yaliyofanya nisiachwe kwenye benchi nilipofika hospitali kubwa.

Muda ni mali. Misuli ikikosa damu kabisa kwa saa 6 hivi huanza kufa. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo kama itabidi kufika Muhimbili, uamuzi ufanyike mapema. Kabla ya kuondoka mtu apige simu, iwe ni hospitali ya Ligula, Ndanda, Nyangao au Sokoine pale Lindi, aulize kama daktari wa upasuaji yupo.

Mjomba alipoambiwa kwamba ateri yangu imefungwa, haikuunganishwa, alikaribia kugombana na muuguzi. Lakini mkono una ateri mbili kubwa: hiyo ya upande wa kidole kidogo, na ile ya upande wa dole gumba wanayoishika wakihesabu mapigo. Kiganjani zinaungana kwa matao, na kwa watu wengi moja inatosha kuulisha mkono mzima. Si kwa wote, ndiyo maana hupimwa kwanza. Mwaka 1929 daktari Mmarekani, Edgar Allen, alieleza njia rahisi, ambayo baadaye ilirekebishwa na sasa hufanywa hivi: kunja ngumi, ateri zote mbili zibanwe, fungua kiganja, kisha iachiwe moja na kutazamwa kama rangi inarudi. Mkono ukionekana hauna damu ya kutosha, ateri lazima iunganishwe, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na kama kipande kimeharibika huazimwa mshipa mwingine wa mgonjwa mwenyewe. Mwulize daktari wako amefanya lipi na kwa nini. Ni haki yako.

Baada ya hapo ni uvumilivu. Sigara acha, na ugoro pia, kwa sababu nikotini inabana mishipa. Mshipa wa fahamu ulioshonwa huota kama milimita 1 kwa siku, hivyo kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole ni miezi. Mazoezi ya vidole uliyopewa yafanye hata yakichosha. Na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku juu, mkono wangu bado unalalamika. Navaa soksi mkononi, watoto wananicheka.

Jambo moja linasahaulika sana. Kidonda kidogo cha kisu au msumari kilichokwisha kupona kinaweza, wiki kadhaa baadaye, kuota uvimbe. Weka kidole juu yake. Ukidunda pamoja na mapigo ya moyo, hilo si jipu, ni ateri iliyovuja na kujitengenezea mfuko, na ukitumbuliwa damu itaruka upya. Usikandwe, usichanjwe. Nenda kwa daktari wa upasuaji, na umwambie tangu mwanzo kwamba pale palichomwa.