Kaa wa matope: wa baharini au wa mtoni?

Ndugu, umeuliza kaa wa matope ni wa mtoni au wa baharini, maana wengi humkuta mitoni. Ni wa baharini. Huyo kwa jina la kisayansi ni Scylla serrata, yule mkubwa wa kijani cha kahawia, ambaye gamba lake laweza kupita sentimita 20 kwa upana. Anapatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki.

Makazi yake hasa ni mikokoni na kwenye midomo ya mito, maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi. Maji yakipwa hujichimbia kwenye tope, yakijaa hutoka, hasa usiku, kuwinda konokono, chaza na kaa wenzake. (Ndiyo, hula wenzake, hasa aliyetoka kujivua gamba akiwa bado laini.) Mtazame miguu ya mwisho: imebapa kama makasia, ndiyo anayoogelea nayo.

Chumvi ikipungua kwa muda yeye huvumilia, ndiyo maana anaweza kupanda mtoni. Viluwiluwi wake, yaani watoto walioanguliwa karibuni, hawawezi. Kwa hiyo jike akishapandwa huondoka mikokoni kwenda bahari ya wazi kutaga. Mayai, ambayo hufika mamilioni, huyabeba chini ya tumbo. Huanza na rangi ya machungwa kisha hugeuka meusi yanapokaribia kuanguliwa. Viluwiluwi huelea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi pwani wakiwa vikaa vidogo.

Mikoko ikikatwa, huyu hupoteza makazi yake.