Kadi za picha hazitamfanya mvivu wa kuongea

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama hizo kadi za picha alizopewa mjukuu wangu mwenye usonji, yaani autism, za kuombea anachotaka, zitamfanya asiongee kabisa, maana kuna mtu kakwambia mtoto akizoea picha mdomo unalala. Mie kwa kaka ako niliogopa hivo hivo, kadi zake nikaziweka juu ya kabati miezi minne, na hiyo miezi hadi leo inaniuma.

Kwani hiyo miezi alikuwa anaongea? Akitaka kitu analia, anajigonga kichwa ukutani, mie nabahatisha, maji sio, mpira sio, mwisho tunalia wote wawili. Watu wakasema mtundu. Mtundu wapi, hakuwa na njia ya kusema tu.

Yule dada wa terapia ya usemi alianza na mapovu ya sabuni. Mie nimekaa mbele nimeshika kichupa, yeye yuko nyuma ya mtoto, na hakuna kumuuliza unataka nini, kimya kabisa. Akinyoosha mkono kwenye kichupa, dada anauelekeza ule mkono uokote picha ya mapovu na kunipa, nami hapo hapo nasema "mapovu!" napuliza. Siku zikienda anamwachia mkono taratibu. Asubuhi moja kaka ako kanifuata chumbani peke yake, picha imelowa mate, kaniwekea kiganjani. Na neno lake la kwanza, "vu", lilitoka akiwa ananipa picha ile ile.

Hiyo njia ipo tangu 1985, ilianzia Marekani, na waliochunguza hawakuona inazuia maneno, wapo watoto ambao maneno yaliongezeka. Ila sikuahidi kitu, wapo wasioongea ukubwani na wanatumia picha au tableti inayotamka, hayo nayo ni mazungumzo.

Masikio yake yapimwe kama bado hayajapimwa, mtoto asiyesikia vizuri naye huchelewa kuongea. Anayekuuzia dawa ya kuponya usonji mkimbie, dawa hiyo haipo. Na wakitaka kumlazimisha awaangalie machoni kataa, kaka ako tulimshikilia kidevu tukapata vilio tu.

Kadi ziweke chini anapofika mwenyewe. Jumamosi nakuja, mie nitashika kichupa, wewe kaa nyuma yake.

Mama